Namna ya kuchagua tochi ndogo ya kubeba kila siku, inayotumia betri za kawaida

Mtoto alikuwa na homa, umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, na mimi nilikuwa natafuta kipimajoto gizani. Tochi niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa ya kuchaji, betri yake imefungiwa humo humo ndani. Nilipoibonyeza iliwaka sekunde chache ikazima, na pa kuichajia hapakuwepo. Nikakumbuka kitochi chembamba kama kalamu nilichokuwa nimekitundika kwenye funguo. Nacho kilikuwa kimeishiwa, ila kilitumia betri ileile ya rimoti ya televisheni. Nikafungua rimoti, nikachomoa betri moja, nikaitia, kikawaka. Shida ikabaki moja: kilikuwa na mwanga wa aina moja tu, mkali. Nilipotaka kusoma kipimajoto nikaishia kummulika mtoto machoni. Akaamka analia, na mimi mwenyewe kwa dakika kadhaa nikawa sioni hata mlango.

Tangu usiku ule kila tochi naiuliza maswali mawili kabla ya mengine yote. Betri yake nitaipata wapi saa nane za usiku? Na mwanga wake mdogo kabisa ni mdogo kiasi gani? Ukali wa mwanga wake mkubwa, ambao ndio huandikwa kwa herufi nene juu ya boksi, nauangalia mwishoni. Mpangilio wa mwongozo huu ni huo huo.

Hatua ya 1: Amua itakaa wapi

Kabla hujaangalia tochi yoyote, shika mfuko wa nguo unayoivaa mara nyingi. Kama humo tayari kuna simu, pochi na funguo, tochi nene utaibeba siku tatu, ya nne itabaki mezani. Anayetaka kuitundika kwenye funguo atafute ya betri moja ya AAA. Nyingi zina urefu wa sentimita 6 hadi 8 na unene wa kidole chembamba. Anayeibana ukingoni mwa mfuko kwa kibanio anaimudu ya AA moja, yenye urefu wa sentimita 8 hadi 10. Wa mkoba ana nafasi ya kutosha, lakini mkobani tochi hujibonyeza yenyewe ikawaka usiku kucha bila mtu kujua. Hilo nitalirudia kwenye swichi.

Hatua ya 2: Chagua kati ya AA na AAA

AA ndiyo betri ya saa ya ukutani na redio ndogo. AAA ndiyo ya rimoti. Uzuri wa hizi mbili ni kwamba tayari zimo ndani ya nyumba, kwenye vitu vingine. Baba yangu alikuwa akihamisha betri kutoka kwenye redio kwenda kwenye tochi usiku, na kuzirudisha asubuhi kabla ya taarifa ya habari. Nilipokuwa mdogo niliona ni usumbufu. Sasa naona alikuwa na akiba ya betri bila kununua akiba.

Kwa vipimo, AA ina kipenyo cha milimita 14.5 na urefu wa milimita 50.5, AAA ni 10.5 kwa 44.5. Ukizishika pamoja tofauti yake ni ndogo, lakini kilichomo ndani hakilingani hata kidogo. AA ya kuchaji ya kawaida hubeba kama mAh 2000 (mAh ni kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri), na AAA ya kuchaji kama 800, yaani mara mbili na nusu. Kwa hiyo kama mfuko wako unaruhusu, chukua ya AA moja. Hiyo ndiyo rai yangu kwa watu wengi. Ya AAA ichukue ikiwa ni ya funguo, au ikiwa unajijua kwamba ya AA utaiacha nyumbani.

Tochi ya AA mbili zilizofuatana hukaa na nguvu maradufu, ila ni ndefu. Mfukoni hukuchoma paja kila ukikaa. Ni nzuri kwa droo na kwa gari.

Aina ninayokusihi uipite ni ile ya AAA tatu zilizopangwa ndani ya kikapu kidogo cha plastiki. Imejaa kila mahali na sura yake inavutia, lakini hesabu yake ni mbaya. AAA tatu kwa pamoja zinaizidi AA moja kwa kiasi kidogo tu. Ikichoka moja kabla ya wenzake inazivuta zote chini, na ikiwa ni ya kuchaji huweza kulazimishwa kupitisha umeme kinyume na kuharibika. Kikapu chenyewe kina visahani na vispringi vingi, na kila kimoja ni mahali pa kupata kutu. Halafu usiku ule wa kuchomoa betri kwenye rimoti, rimoti huwa na mbili.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa nje. Taa ya LED nyeupe inahitaji karibu volti 3 ili iwake sawasawa. Betri moja ina volti 1.5 au 1.2, kwa hiyo tochi ya betri moja haiwezi kuwaka vizuri bila saketi ya kupandisha volti. Tochi ya AAA tatu inapata volti 4.5, na mtengenezaji anayebana gharama anaweza kuunganisha betri na taa moja kwa moja, au kuweka rezista tu, kile kidude cha kupunguza umeme, katikati. Matokeo yake unayaona wiki ya kwanza: mwanga unaanza kwa kishindo, kisha unafifia kila dakika mpaka unabaki hafifu.

Hatua ya 3: Soma herufi zilizo ubavuni mwa betri

Karibu na tarehe kwenye betri huwa kuna herufi ndogo ambazo wengi hatuzisomi. R6 ni AA ya zinki na kaboni, ile ya bei ya chini kuliko zote. LR6 ni AA ya alkalaini. HR6 ni AA ya kuchaji ya nikeli, ambayo pia huandikwa NiMH. FR6 ni ya lithiamu isiyochajiwa. Kwa AAA weka 03 mahali pa 6: R03, LR03, HR03, FR03.

R6 iache kwenye saa ya ukutani. Saa hunyonya umeme tone kwa tone kwa miezi mingi. Tochi huuvuta kwa mkupuo, na R6 haiwezi kazi hiyo.

LR6 ndiyo utakayoikuta popote, na kwa mwanga mdogo inafanya kazi vizuri. Udhaifu wake unaanza ukipandisha mwanga. Tochi nzuri inayotoa lumeni 100 (lumeni ni kipimo cha mwanga, nitakieleza kwenye hatua ya 4) hutumia kama wati moja, na wati moja kutoka kwenye betri moja ndogo ni karibu ampea nzima. Alkalaini ikivutwa hivyo inalegea. Utapata chini ya nusu ya kile ambacho ingekupa ikitumiwa polepole. Ndiyo maana mtu anaweka betri mpya, anamulika kwa mwanga mkubwa dakika chache, tochi inashuka, naye anadhani ameuziwa betri ya zamani. Udhaifu wake wa pili ni kuvuja. Ikisahaulika ndani ya tochi, hasa ikiwa imeisha, hutoa majimaji makali yanayogeuka unga mweupe na kula springi. Nimepoteza tochi mbili kwa njia hiyo, na moja nilikuwa nimezawadiwa.

HR6 ndiyo betri ya mtu anayetumia tochi kila siku. Usishtuke kuona volti 1.2 badala ya 1.5. Alkalaini huanza na 1.5 kisha hushuka mfululizo. Ya nikeli hukaa kwenye 1.2 karibu muda wote mpaka inapokaribia kuisha, na haitetereki ukivuta ampea moja au mbili. Zile za zamani zilikuwa na aibu ya kujimaliza zenyewe zikiwa zimekaa tu kabatini. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ilitoa Eneloop, aina inayopoteza chaji polepole sana, na baadaye wengine wakafuata. Alama ya kuitambua aina hii ni kwamba huuzwa ikiwa tayari imechajiwa. Uwe mwangalifu na namba: AA ya nikeli ya kweli ina mAh 1900 hadi 2800 hivi. Ukiona imeandikwa 4000, usiinunue, kwa sababu chombo cha ukubwa ule hakiwezi kubeba kiasi hicho.

Chaja nayo ina uzito wake. Tafuta inayoshughulikia kila betri peke yake na kuacha yenyewe zikijaa. Chaja zinazodai betri mbili mbili na kuendelea kusukuma umeme usiku kucha ndizo zinazoziua betri mapema.

FR6, lithiamu isiyochajiwa, ina gharama zaidi, lakini haivuji kama alkalaini, hukaa zaidi ya miaka 10 kwenye kabati, na hufanya kazi hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ni nyepesi pia: kama gramu 15, wakati alkalaini ina 23. Hiyo ni ya tochi ya gari na ya begi la dharura, ile unayoigusa mara mbili kwa mwaka.

Kisha kuna betri ambayo lazima niiseme kwa onyo. Inaitwa 14500. Ni ya lithiamu ya kuchaji, umbo lake ni lile lile la AA, inaingia mahali pote AA inapoingia, lakini ina volti 3.7, na ikijaa hufika 4.2. Ndugu yake wa ukubwa wa AAA huitwa 10440. Zipo tochi zilizotengenezwa kupokea AA na 14500 zote mbili, na kwa hizo ni raha, mwanga unaongezeka sana. Lakini tochi ambayo maelezo yake hayaitaji 14500 waziwazi, usiitie. Saketi inaweza kuungua, pengine kwa kuwaka mara moja tu. Na kama nyumbani kuna watoto au wazee wanaobadilisha betri wenyewe, usiziweke droo moja na za kawaida. Mtu anaweza kuitia kwenye redio bila kujua.

Siku hizi kuna pia AA za lithiamu zenye tundu la kuchajia ubavuni na saketi ndogo ndani inayoshusha volti mpaka 1.5. Zinafanya kazi, ila hukaa kwenye 1.5 mpaka mwisho kabisa kisha hukata ghafla. Tochi haipati nafasi ya kukuonya kwa kufifia, nawe unaachwa gizani katikati ya ngazi.

Hatua ya 4: Anza na mwanga mdogo

Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka mbele ya tochi. Jicho halihesabu lumeni kama tunavyohesabu kwa vidole. Ili mwanga uonekane mara mbili ya ulivyokuwa, unahitaji kuongeza lumeni karibu mara nne. Kwa hiyo tochi ya 120 na ya 150 zikiwekwa ukutani bega kwa bega, hutaona tofauti ya maana, hata kama bei zinatofautiana.

Chini ya lumeni 1: huu ni wa kusoma kipimajoto, kutafuta dawa, kuvuka chumba ambamo wengine wamelala. Macho yako yakishazoea giza, na huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea kabisa, mwanga huu unatosha kuona sakafu nzima. Lumeni 5 hadi 15: kutafuta kitu ndani ya kabati, kufunga fyuzi, kupika umeme ukiwa umekatika, ukisimamisha tochi ikimulika dari. Lumeni 50 hadi 100: kutembea nje njia usiyoijua, na kuona shimo mapema. Lumeni 200 na zaidi: kuangalia kilicholia kule uani, kwa sekunde chache, kisha unashusha.

Nimejichunguza mwenyewe. Katika usiku kumi, tisa natumia hizo ngazi mbili za chini. Ndiyo maana tochi isiyo na mwanga wa chini ya lumeni 5 siinunui tena, hata iwe na sifa gani huko juu. Na nataka ianze kwa mwanga mdogo kila ninapoiwasha, au walau ikumbuke niliouacha. Inayoanza na mkubwa kila mara ni ileile iliyomwamsha mwanangu.

Hatua ya 5: Pima ahadi ya boksi kwa kalamu

Mtoto wa kaka yangu alikuja na tochi mpya, ana furaha.

"Shangazi, hii ina lumeni elfu kumi, na inakaa saa nane."

"Inatumia betri gani?"

"Tatu za rimoti."

"Lete kalamu tuhesabu."

Tukaandika nyuma ya boksi. AAA moja ya kuchaji: mAh 800, yaani ampea-saa 0.8, mara volti 1.2, inatoa wati-saa 0.96. Tatu ni kama wati-saa 3. Tochi ndogo nzuri, ukiondoa kinachopotea kwenye saketi na kwenye kioo, hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati. Kwa hiyo nishati yote iliyomo mle ni kama lumeni 300 kwa saa moja, au 100 kwa saa tatu, au 10 kwa saa 30. Boksi lilikuwa linadai 10,000 kwa saa 8, yaani 80,000. Hata kama betri zile zingeweza kusukuma nguvu ya kutoa lumeni elfu kumi, na haziwezi, zingekwisha kabla ya dakika mbili. Alikaa kimya, akairudia hesabu mwenyewe, akapata jibu lilelile.

Hesabu hii ikumbuke kwa namba mbili tu. AA ya nikeli ina kama lumeni-saa 240. AAA ina kama 95. Gawanya kwa lumeni zilizoandikwa, utapata saa. Tochi ya AA inayosema lumeni 100 kwa saa mbili na nusu inasema jambo linalowezekana. Inayosema lumeni 1000 kwa saa tano kwenye AA moja iache.

Watengenezaji makini hufuata kipimo kinachoitwa FL1, kilichotolewa Marekani mwaka 2009, na utakiona kama vialama vidogo kwenye boksi. Kinasaidia, mradi ujue kinavyopima. Lumeni hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, siyo ule mmweko wa mwanzo. Lakini muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga uliposhuka hadi asilimia 10 ya mwanzo. Kwa hiyo "lumeni 200, saa 3" inaweza kuwa na maana ya dakika kumi za 200 na saa zilizobaki za 40 na 30. Kama mtengenezaji ametoa mchoro wa mwanga dhidi ya muda, uangalie huo kabla ya namba yoyote. Mstari unaokaa tambarare kisha kuanguka mwishoni unaonyesha saketi nzuri inayoshikilia mwanga. Mstari unaoteremka kama mlima tangu dakika ya kwanza unaonyesha betri imeachiwa ijitegemee.

Hatua ya 6: Swichi

Aina ya kwanza ni ya kuzungusha kichwa. Haina kitufe, haina cha kuharibika, na ni ndogo kuliko zote. Ndiyo iliyo kwenye tochi nyingi za funguo. Inataka mikono miwili, au zoezi la kutosha la kidole gumba.

Ya pili ni kitufe cha nyuma kinacholia *ta*. Hiki hukata umeme kabisa kabisa, kwa hiyo betri haiishi ikiwa imezimwa. Napenda hiki kwa mtu anayenunua tochi yake ya kwanza, kwa sababu hata kwa glovu au mikono yenye maji unajua umekibonyeza.

Ya tatu ni kitufe laini cha ubavuni. Ni rahisi kwa kidole na kwa kawaida hukuruhusu kwenda moja kwa moja kwenye mwanga mdogo kwa kukishikilia. Gharama yake ni kwamba saketi haizimi kabisa. Inalala ikisubiri kidole, na inakunywa umeme kidogo kidogo. Kwenye nzuri huchukua miezi au miaka kuimaliza betri, kwenye mbovu huchukua wiki.

Sasa lile la mkoba. Fungua kifuniko cha nyuma robo mzunguko tu. Kama tochi ni ya alumini na hesi zake za kufungia zina rangi ileile ngumu ya mwili, njia ya umeme hukatika hapo, na hakuna kitakachoiwasha humo mkobani. Kama hesi ni nyeupe tupu za chuma, njia hii haitafanya kazi. Na mwanga wa kumetameta, ule wa kuomba msaada, uwe umefichwa mahali usipoupitia kila mara unapobadilisha mwanga. Kupitia kwenye mmeto huo gizani kunaumiza macho kweli.

Hatua ya 7: Umbo na rangi ya mwanga

Tochi mbili za lumeni sawa zinaweza kumulika tofauti kabisa. Moja inakusanya mwanga kwenye kitovu na kuutupa mbali, nyingine inautawanya. Kwenye boksi, kitovu hupimwa kwa kandela. Chukua mzizi wa mraba wa kandela, zidisha kwa mbili, utapata umbali kwa mita: kandela 900 ni mita 60, kandela 2500 ni mita 100. Huo ni umbali ambapo mwanga umebaki kama wa mbalamwezi, kwa hiyo kwa kuona vizuri chukua nusu yake. Kwa kazi za mfukoni unamulika vitu vilivyo mbele ya pua yako, kwa hiyo pendelea unaotawanyika. Zile za kuvuta kichwa mbele na nyuma siziamini: zikivutwa hutoa kipande cha mraba kikali ambacho pembeni yake ni giza tupu, na hapo kichwa kinapoteleza ndipo maji na vumbi vinapoingilia.

Rangi ni suala ambalo wengi hulipuuza, mpaka siku watakapoangalia kidonda kwa mwanga wa bluu. Rangi ya mwanga huandikwa kwa kelvini. 6500 ni nyeupe inayoelekea bluu. 4000 hadi 5000 imetulia. 2700 hadi 3000 ni ya ile balbu ya zamani ya waya. Tofauti na hiyo kuna namba ya CRI, mwisho wake 100, inayosema rangi za vitu zitaonekana kwa uaminifu kiasi gani. Tochi nyingi ziko 70 hivi. Zenye 90 na zaidi hutoa lumeni chache kidogo kwa betri ileile. Mimi nakubali hasara hiyo. Kwa 70, waya wa kahawia na mwekundu huweza kufanana, na kidonge cha waridi kikaonekana cheupe.

Hatua ya 8: Mwili

Alumini inatosha. Kibanio kiwe cha chuma na kikaze. Kwa maji, soma alama ya IPX inayoonyesha tochi inavyoyavumilia: IPX4 ni ya matone, IPX7 inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, IPX8 zaidi ya hapo. IPX7 ikipatikana usitafute zaidi. Angalia pia kama tochi inaweza kusimama kwa mkia wake, kwa sababu ukiisimamisha ikamulika dari, chumba kizima kinapata mwanga.

Kwa majina ya kuanzia: Olight i3E EOS ni ya AAA, mwanga mmoja wa lumeni 90, rahisi kuliko zote, ila kwa sababu ya huo mwanga mmoja haipiti kwenye hatua yangu ya 4. ThruNite Ti3 ni ya AAA na huanzia lumeni 0.04. Sofirn SP10 Pro inapokea AA na 14500. Mini Maglite ya AA mbili, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984 ikiwa na balbu ya waya, ipo mpaka leo kwa LED, na bado ni ya droo badala ya mfuko.

Hatua ya 9: Ijaribu kabla ya kuiamini

Itikise karibu na sikio; kitu kinachogonga ndani kitakatika siku moja. Fungua nyuma: springi iwe nene, na kuwe na mpira mwembamba wa mviringo unaozuia maji, siyo uliokauka. Iwashe kwa kila mwanga, igonge kwa kiganja mara tatu. Ikipepesa, irudishe.

Halafu iweke kwenye mwanga mdogo, uimulike ukutani huku ukiitazama kupitia kamera ya simu. Mistari myeusi inayopita kwenye skrini ina maana mwanga unazimwa na kuwashwa haraka haraka ili uonekane hafifu. Pitisha vidole mbele yake upesi. Ukiviona vimekatika vipande vipande, macho yako yatachoka ukisomea. Kama vinaburuzika laini, uko sawa.

Mwisho, iache iwake kwenye chumba kwa betri iliyojaa, ukitumia mwanga unaokusudia kuutumia zaidi, na uandike saa iliyoanza na saa iliyozima. Hiyo ndiyo namba yako, usiku wa dharura utaitegemea.

Hatua ya 10: Kuitunza

Ukifungua tochi ukakuta unga mweupe, usiutupe mzigo wote bado. Vaa glovu. Toa betri. Chovya kijiti chenye pamba kwenye siki au maji ya limau, ukiguse kile kiunga. Kitachemka kidogo, kwa sababu unga wa majimaji ya alkalaini ni besi, na asidi ya siki ikikutana nao hutoa gesi. Futa, rudia mpaka uchemkaji ukome, pitisha pamba yenye maji safi, kisha acha tochi ikae wazi siku nzima ikauke. Kama springi imebaki nyeusi, ikwangue taratibu kwa sandipepa laini mpaka chuma king'ae. Betri ikiwa imeganda ndani, usiipige nyundo. Mimina siki kidogo, subiri saa moja, kisha gonga mkia kwenye ubao mlaini.

Hesi zikianza kulia mchanga, zifute kwa kitambaa na upake grisi ya silikoni, tone moja tu. Mafuta ya petroli huweza kuuvimbisha ule mpira na kuuharibu.

Betri ya alkalaini usiiache ndani ya tochi unayoiweka tu. Kwa tochi za nyumbani mwangu naandika tarehe ya kuchaji kwenye kipande kidogo cha plasta kinachozungushwa ubavuni mwa betri, chembamba kiasi cha kutokwamisha kutoka. Iliyopita miezi mitatu naichaji upya, hata kama haijatumika. Ya kwenye droo ya kipimajoto naiangalia kila mwanzo wa mwezi, na ndani yake kuna HR03 iliyojaa na mwanga wa chini ya lumeni moja.